Bahari ya Hindi inapopata joto, kwa nini mvua ya monsuni hukatika India? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Monsuni ya kusini-magharibi huipatia India takriban robo tatu ya mvua yake ya mwaka, kati ya Juni na Septemba. Hata katika mwaka mzuri mvua hiyo hainyeshi mfululizo: hunyesha, hukatika, hurudi. Majibu haya yanahusu kule kukatika, namna joto la bahari linavyohusika, na hatua za kuchukua kwa anayelima kwa kutegemea mvua. Tunasisitiza tangu mwanzo kwamba jumla ya mvua ya msimu haitoshi kuwa kipimo. Mmea hauishi kwa jumla ya miezi minne. Unaishi kwa maji yaliyopo kwenye mizizi yake wiki hii.

Kipindi cha ukavu ndani ya monsuni ni kitu gani hasa?

Kuna kipimo kamili. Wataalamu huangalia eneo kuu la monsuni, yaani ukanda wa kati wa India, takriban kati ya latitudo 18 na 28 Kaskazini, kuanzia Rajasthan na Gujarat hadi Odisha. Huchukua mvua ya siku ya eneo zima, hutoa wastani wa miaka mingi wa tarehe hiyo, kisha hugawanya kwa mkengeuko sanifu wa tarehe hiyohiyo, yaani kiasi ambacho mvua ya tarehe hiyo huyumba kwa kawaida kutoka kwenye wastani. Jibu likiwa chini ya −1 kwa siku tatu mfululizo au zaidi, katika Julai au Agosti, hicho ni kipindi cha ukavu. Likiwa juu ya +1 kwa siku tatu, ni kipindi cha mvua nyingi.

Tuseme wastani wa tarehe fulani ni milimita 10 na mkengeuko ni milimita 4. Eneo likipata milimita 5, hesabu ni (5 − 10) ÷ 4 = −1.25. Siku hiyo inahesabiwa kuwa kavu ingawa mvua imenyesha mahali fulani. Hapa ndipo wengi hujichanganya: ukavu wa monsuni si lazima uwe anga jeupe kila mahali. Ni upungufu wa eneo pana.

Juni na Septemba huachwa nje kwa sababu Juni mvua bado inaingia kutoka kusini, na kuanzia katikati ya Septemba inaanza kuondoka kaskazini-magharibi. Upungufu wa miezi hiyo waweza kuwa tu ni mvua iliyochelewa au iliyowahi kuondoka.

Vipindi hivi hudumu siku ngapi?

Huwa virefu kuliko vipindi vya mvua nyingi. Uchambuzi wa M. Rajeevan, Sulochana Gadgil na Jyoti Bhate uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba karibu asilimia 80 ya vipindi vya mvua nyingi huisha ndani ya siku tatu au nne, lakini ni asilimia 40 tu ya vipindi vya ukavu vinavyoisha haraka hivyo. Asilimia 32 ya vipindi vya ukavu hudumu wiki nzima au zaidi. Kwa wastani, Julai na Agosti kwa pamoja huwa na siku saba hivi za ukavu. Wastani huo unaficha miaka kama 2002, ambapo karibu Julai yote ilikauka na mvua ya mwezi huo ikawa takriban nusu ya kawaida.

Bahari yenye joto si huvukiza maji mengi zaidi? Basi mvua ikatike kwa nini?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lenyewe. Ni kweli kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke unakuwepo. Tatizo ni mahali ambapo hewa inapanda na kuumwaga.

Mvua hunyesha pale hewa yenye unyevu inapopanda, ikapoa, na mvuke ukageuka maji. Hewa ikipanda mahali pamoja, ni lazima ishuke kwingine. Katika miezi ya monsuni, ukanda wa mvua wa eneo hili una makao mawili: moja juu ya nchi kavu, kwenye mkanda wa mgandamizo mdogo wa hewa unaovuka uwanda wa kaskazini mwa India hadi Ghuba ya Bengal, la pili juu ya bahari, karibu na ikweta. Makao haya mawili hushindana. Maji ya ikweta yakizidi takriban nyuzi 28, mawingu makubwa ya radi huumbika huko kwa urahisi. Hewa hupanda juu ya bahari hadi kilomita 12 au zaidi, husambaa kuelekea kaskazini, kisha hushuka juu ya India ya kati.

Hewa inayoshuka hugandamizwa na kupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Kadiri inavyopata joto ndivyo unyevunyevu wake linganifu unavyopungua. Mawingu yanayojaribu kuchipuka chini yake hukatwa vichwa: mchana utaona vijiwingu vyeupe vya pamba vinaota, lakini havirefuki na jioni hutawanyika. Upepo wa chini bado waweza kuwa na unyevu mwingi, watu wakatoka jasho, na tone lisidondoke.

Njia ya pili ni tofauti ya joto kati ya nchi na bahari. Monsuni huendeshwa na bara kuwa na joto kuliko bahari, si usoni pekee bali katika kimo kirefu cha anga. Bahari ikipata joto haraka kuliko bara la Asia ya Kusini, tofauti hiyo hupungua na msukumo wa upepo kuelekea nchi kavu hulegea. Kundi la watafiti likiongozwa na Roxy Mathew Koll wa taasisi ya hali ya hewa ya kitropiki iliyoko Pune lilionyesha mwaka 2015 kwamba ndivyo ilivyotokea katika karne ya 20: joto la haraka la Bahari ya Hindi lilikwenda pamoja na kupungua kwa mvua katika ukanda mpana wa India ya kati na kaskazini.

Njia ya tatu huonekana katika mpangilio wa mvua yenyewe. Hewa yenye joto ina nafasi kubwa ya mvuke, kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi kujaa. Ikishajaa, humwaga kwa kishindo, siku mbili au tatu, halafu huanza kujaa upya. Katikati ya mimwago hiyo ndimo ukavu hukaa.

Bahari ya Hindi imepata joto kiasi gani?

Tathmini ya mabadiliko ya tabianchi iliyotolewa na Wizara ya Sayansi za Dunia ya India mwaka 2020 inasema uso wa Bahari ya Hindi ya kitropiki uliongezeka joto kwa wastani wa nyuzi 1 kati ya 1951 na 2015. Hiyo ni zaidi ya wastani wa bahari za dunia kwa kipindi hichohicho. Upande wa magharibi, kuelekea pwani ya Somalia, ndio uliobadilika zaidi: hadi nyuzi 1.2 katika misimu ya monsuni ya 1901 hadi 2012.

Upande huo kwa kawaida ni baridi wakati wa monsuni. Upepo mkali unaovuka ikweta na kupita kando ya pwani ya Somalia, kwenye kimo cha takriban kilomita 1.5, husukuma maji ya juu mbali na pwani na kuyainua maji baridi kutoka vilindini. Maji yale yakipata joto, tofauti ya magharibi na mashariki mwa bahari hubadilika, na pamoja nayo mahali pa mawingu.

Upepo huo ndio kusi?

Ndiyo, ni mkondo mmoja. Kusi inayovuma kutoka kusini-mashariki huvuka ikweta, hupinda kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, na kufika India ikiwa upepo wa kusini-magharibi uliosheheni unyevu.

Kuna ushahidi kwamba ukavu umeongezeka kweli, au ni hisia tu?

Ushahidi upo. Tathmini ileile ya 2020 ilikuta kwamba vipindi vya ukavu ndani ya monsuni vilitokea kwa asilimia 27 zaidi katika 1981 hadi 2011 kuliko katika 1951 hadi 1980. Mvua ya Juni hadi Septemba ilipungua kwa takriban asilimia 6 kati ya 1951 na 2015, hasa katika uwanda wa mto Ganges na milima ya Ghats Magharibi. Wakati huohuo, siku za mvua ya kupindukia, zaidi ya milimita 150 kwa siku, ziliongezeka kwa takriban asilimia 75 katika India ya kati kati ya 1950 na 2015.

Soma takwimu hizo tatu pamoja. Ukavu umeongezeka na mafuriko yameongezeka, katika eneo lilelile. Hazipingani.

Tuseme pia lililo haki kusemwa: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mvua ya jumla imeonyesha dalili za kurudi juu katika sehemu za India ya kati. Mwenye kutumia jumla pekee atahitimisha kwamba tatizo limekwisha. Lakini jumla yaweza kupanda huku siku za mvua zikipungua.

Kwa nini, India ya kati ikikauka, miguu ya Himalaya hufurika?

Kwa sababu ule mkanda wa mgandamizo mdogo wa hewa hauondoki. Husogea kaskazini na kuegemea milimani. Unyevu wote unaoendelea kufika hupandishwa na miteremko ya Himalaya. Ndiyo maana Bihar na Assam huweza kupambana na mito iliyovunja kingo wiki ileile ambayo Maharashtra inatazama soya ikinyauka. Kusini kabisa, Tamil Nadu nayo mara nyingi hupata mvua zaidi ya kawaida wakati huo.

Agosti 2023 ilikuwa hivyo. India yote ilipata milimita 162.7 badala ya 254.9 za kawaida, upungufu wa asilimia 36, Agosti kavu kuliko zote tangu 1901. Mwezi huohuo, Himachal Pradesh ilikumbwa na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu. Julai ilikuwa imezidi wastani kwa asilimia 13 na Septemba nayo ikazidi kwa asilimia 13, hivyo msimu ukafungwa kwa asilimia 94 ya wastani. Ukiiona asilimia 94 peke yake, huwezi kujua kwamba mashamba yalikaa wiki kadhaa bila mvua ya maana.

El Niño na daipoli ya Bahari ya Hindi zinaingiaje?

El Niño ni kupata joto kwa maji ya katikati na mashariki mwa Bahari ya Pasifiki. Eneo la hewa inayopanda huhamia huko, na hewa inayoshuka hutanda kuanzia Indonesia hadi India. Miaka 2002, 2009, 2015 na 2023 yote ilikuwa ya El Niño na yote ilikuwa na upungufu. 2009 ilimalizika kwa asilimia 22 chini ya wastani.

Daipoli ni tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi, iliyoelezwa mwaka 1999 na N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao. Ikiwa chanya, magharibi huwa na joto kuliko mashariki, na mara nyingi huiongezea India mvua. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kali mno, lakini daipoli chanya yenye nguvu ilikuwepo pia, na mvua ya msimu ikafika asilimia 102 ya wastani. Mwaka 2019 daipoli chanya kubwa ilikwenda na msimu wa asilimia 110, ingawa Juni ilianza na upungufu wa asilimia 33.

Kwa hiyo swali la "bahari ina joto au haina" ni pungufu. La kuuliza ni: joto liko wapi, na kiasi gani kuliko jirani yake? Joto linaloenea bahari nzima, hasa ikweta, huvuta mvua baharini. Joto la upande mmoja laweza kuisukuma nchi kavu. Mwelekeo wa miongo mingi ni wa aina ya kwanza.

Mawimbi ya joto baharini ni jambo lilelile?

Hapana. Wimbi la joto baharini ni siku tano au zaidi mfululizo ambapo maji ya sehemu fulani yana joto la kupindukia kwa tarehe hiyo. Ni tukio, siyo mwelekeo wa miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya 1982 na 2018 mawimbi haya yaliongezeka kwa takriban matukio 1.5 kila muongo magharibi mwa Bahari ya Hindi, na 0.5 kaskazini mwa Ghuba ya Bengal. Yanapotokea sehemu hizo mbili wakati wa monsuni, India ya kati huelekea kukauka na kusini mwa rasi huelekea kupata mvua zaidi.

Je, joto la bahari laweza pia kumaliza ukavu?

Laweza, na ni jambo ambalo husahauliwa. Mvua ikikatika, anga juu ya Ghuba ya Bengal huwa wazi na upepo hutulia. Jua huchoma maji moja kwa moja. Maji ya juu ya kaskazini mwa ghuba ni mepesi kwa sababu ya maji yasiyo na chumvi yanayoletwa na mito ya Ganges na Brahmaputra, hivyo hayachanganyiki upesi na ya chini. Joto hubaki juu. Ndani ya wiki moja hadi mbili uso hupanda kwa nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Kisha mawingu huanza tena, mgandamizo mdogo wa hewa huumbika na kusafiri kuelekea magharibi ukiingia nchini, na mvua hurudi. Maji yakishafunikwa na mawingu na kuvurugwa na upepo, hupoa tena.

Mzunguko mkubwa zaidi hutokea ikweta. Mkanda wa mawingu huumbika huko na kupanda kaskazini kwa takriban digrii moja ya latitudo kila siku, ukirudiwa kila baada ya siku 30 hadi 60. Ukiwa ikweta, India ya kati hukauka. Ukifika latitudo 20, hunyesha. Ikweta ikiwa na joto kupita kiasi, mkanda hukawia kule kusini.

Mabadiliko yameonekana pia katika wimbi la Madden-Julian, kundi la mawingu linalotembea kutoka Bahari ya Hindi kwenda Pasifiki. Kwa sababu ya kupanuka kwa eneo la maji ya joto kati ya bahari hizo mbili, muda wake juu ya Bahari ya Hindi umepungua kutoka siku 19 hadi 15 kwa wastani, na muda wake upande wa magharibi mwa Pasifiki umeongezeka kwa siku tano au sita.

Ni bahari peke yake?

La. Chembechembe za moshi na vumbi juu ya kaskazini mwa India huzuia sehemu ya mwanga wa jua, bara likapoa, na tofauti ya joto kati ya nchi na bahari ikapungua zaidi. Hewa kavu kutoka majangwa ya Asia Magharibi nayo huingia katikati ya anga, kwenye kimo cha kilomita tatu hadi sita, na kuua mawingu hata kama chini kuna unyevu. Umwagiliaji mkubwa na ukataji wa misitu hubadilisha unyevu wa ardhi. Atakayekuambia kila ukavu umetokana na joto la bahari anakupunja. Na atakayekuambia bahari haihusiki anakupunja zaidi.

Ukavu waweza kutabiriwa siku ngapi kabla?

Dalili za jumla, wiki mbili hivi. Kwa uhakika wa kutosha kuamua jambo shambani, siku tano hadi kumi. Idara ya Hali ya Hewa ya India hutoa kila Alhamisi utabiri wa wiki nne zinazofuata. Wiki ya kwanza na ya pili zina thamani. Ya tatu na ya nne zisome kama mwelekeo tu.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, mpangilio huu unafaa:

1. Mwanzoni mwa msimu, angalia fahirisi ya Niño 3.4, yaani kipimo cha joto la maji ya katikati mwa Pasifiki likilinganishwa na kawaida. Ikizidi nyuzi +0.5 na kubaki hapo, hatari ya ukavu mrefu imepanda.
2. Angalia fahirisi ya daipoli. Zaidi ya +0.4 ni nafuu. Chini ya −0.4 ni mzigo wa nyongeza.
3. Kila wiki, angalia awamu ya wimbi la Madden-Julian, yaani hatua lilipofikia katika safari yake. Awamu ni nane, na huonyeshwa kwenye mchoro. Awamu ya 3 hadi 6 kwa kawaida huambatana na mvua India ya kati. Ya 7, 8, 1 na 2 huambatana na ukavu. Wimbi likiwa dhaifu, yaani alama yake ipo ndani ya duara la katikati ya mchoro huo, usilitegemee.
4. Tazama picha za setilaiti za siku tano zilizopita. Mawingu mazito yakiwa yamekaa kusini mwa latitudo 5 Kaskazini na India ya kati iko wazi, ukavu umeanza au uko mlangoni.
5. Tafuta ulipo mkanda wa mgandamizo mdogo wa hewa. Ukiwa umeegemea Himalaya, na hakuna mgandamizo mdogo wowote unaoumbika Ghuba ya Bengal, usitarajie nafuu ndani ya siku tatu au nne.

Makosa gani hufanyika mara nyingi wakati wa kusoma takwimu hizi?

La kwanza ni kutumia wastani wa nchi nzima kuhukumia wilaya moja. La pili ni kulinganisha vipindi vya wastani tofauti: wastani wa msimu wa 1971 hadi 2020 ni sentimita 87, ule wa 1961 hadi 2010 ulikuwa 88, na asilimia hubadilika kwa sababu hiyo tu. La tatu ni kuchukua joto la uso wa bahari la siku moja kutoka setilaiti. Mchana mtulivu ngozi ya juu ya maji huweza kupanda nyuzi moja au zaidi na kushuka usiku. Tumia wastani wa siku saba angalau. La nne, kuhesabu siku yenye mvua ya nusu milimita kuwa siku ya mvua. Nchini India siku ya mvua ni ile iliyopata milimita 2.5 au zaidi, na shambani hata hizo hukauka kabla ya saa sita mchana.

Miaka ijayo itakuwaje?

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha Bahari ya Hindi ya kitropiki ikiendelea kupata joto kwa kasi ya nyuzi 1.7 hadi 3.8 kwa karne kati ya 2020 na 2100, kutegemea kiasi cha gesijoto kitakachotolewa. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, inatarajia mvua ya monsuni ya Asia ya Kusini kuongezeka katika karne hii, pamoja na kuyumba zaidi. Tafsiri yake kwa mkulima ni maji mengi zaidi kwa siku chache zaidi.

Udongo wangu utavumilia siku ngapi bila mvua?

Hesabu hii ifanye kabla ya msimu. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushika takriban milimita 180 za maji yanayopatikana kwa mmea katika kila mita ya kina. Udongo mwekundu wa kichanga karibu milimita 90. Zidisha kwa kina cha mizizi, kisha chukua nusu, kwa sababu baada ya nusu mmea huanza kuteseka.

Soya inayotoa maua hutumia milimita 4.5 hivi kwa siku. Kwenye udongo mwekundu, mizizi ikiwa na mita 0.4: 90 × 0.4 = 36; nusu ni 18; 18 ÷ 4.5 = siku 4. Kwenye udongo mweusi wenye kina, mizizi mita 0.6: 180 × 0.6 = 108; nusu ni 54; 54 ÷ 4.5 = siku 12. Kipindi kilekile cha siku nane ni msiba kwa shamba moja na usumbufu kwa jirani yake. Mizizi ikizuiwa na tabaka gumu la chini kutokana na kulima kina kilekile kila mwaka, hata udongo mweusi utakupa siku tano tu.

Nifanye nini mvua inapokatika?

Mengi huamuliwa wakati wa kupanda. Usipande kwa manyunyu ya kwanza. Subiri ardhi ipokee jumla ya milimita 75 hadi 100 katika siku chache; mbegu iliyoota kwa milimita 25 kisha ikapigwa na siku kumi za jua hufa. Pima kwa chombo cha kupimia mvua, si kwa kutazama matope.

Ukavu ukifika siku ya nne au ya tano:

Palilia juujuu, sentimita 3 hadi 5, usizidishe. Magugu hunywa maji ya zao, na tabaka jembamba la udongo uliovunjwa hupunguza uvukizi na kuziba nyufa. Ukichimba sentimita 10 utakata mizizi na kuinua udongo wenye unyevu ukaukie juani.

Tandaza mabaki ya mazao kati ya mistari, tani 3 hadi 5 kwa hekta kama yapo.

Ahirisha mbolea ya kukuzia. Urea iliyomwagwa juu ya ardhi kavu yenye umande wa asubuhi hupotea hewani kama amonia. Mimea ikianza kupauka, nyunyizia majani urea ya asilimia 2, yaani gramu 20 kwa lita moja ya maji, asubuhi mapema au jioni. Mchana huunguza majani.

Kama una lambo, usigawe maji kidogokidogo kwa shamba zima. Milimita 30 kwa hekta ni mita za ujazo 300. Lambo lenye mita za ujazo 300 halitoshi hekta mbili. Ipe hekta moja iliyo kwenye maua au kujaza maganda, na uliache zao changa, ambalo huvumilia zaidi. Kupeleka maji mapema mno, zao likiwa bado la majani tu, ndilo kosa linalomaliza malambo.

Mpunga una njia yake. Zika bomba lenye matundu lenye urefu wa sentimita 30, sentimita 15 zikiwa ardhini. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso, mwagilia. Kabla ya hapo usihangaike. Wakati wa maua pekee ndipo udumishe sentimita 5 za maji juu ya ardhi. Usiache majaruba yapasuke nyufa pana, kwani maji yatakayofuata yatazama moja kwa moja.

Kagua chini ya majani kila siku ya pili. Vidukari, chawa wa majani na utitiri huzaana haraka kwenye ukavu.

Mvua ikirudi, kipi kwanza?

Fungua mifereji. Ukavu mara nyingi huisha kwa mvua kubwa ya ghafla, na mizizi iliyodhoofika huoza ikikaa ndani ya maji zaidi ya siku moja au mbili. Subiri saa 24 hadi 48 maji yajipange ardhini, ndipo weka ile mbolea ya kukuzia uliyoiahirisha. Hesabu miche iliyobaki katika mita kumi za mstari, sehemu tano tofauti za shamba. Ikiwa imebaki chini ya nusu na Agosti bado ni changa, panda zao la muda mfupi kama choroko au alizeti. Soya iliyopandwa upya wakati huo hukosa unyevu wa kujaza maganda mwishoni mwa Septemba.